Maafisa Uangalizi wa England na Wales na Chama Chao: Maelezo juu ya Mgogoro wa Mageuzi ya Parole

Maelezo haya yanaletwa kwa watumishi wa Serikali na kwa wakaazi kwa jumla ili ifahamike namna chama cha wafanyakazi kinavyoweza kulaumiwa na wanachama wake wenyewe katika mabadiliko ambayo hakikuyaanzisha wala hakikuyaunga mkono. Mfano uliochukuliwa ni wa maafisa uangalizi wa England na Wales na chama chao kiitwacho Napo, kuanzia mwaka 2013.

Kwanza ni vyema maana ya maneno ikaeleweka. Mfungwa anayetolewa gerezani, au katika chuo cha mafunzo kama kinavyoitwa hapa Visiwani, kabla ya muda wa adhabu yake kumalizika, hatoki akiwa huru kabisa. Hutoka kwa masharti. Hutakiwa aishi pahala panapojulikana, aripoti siku aliyopangiwa na asimkaribie mtu aliyemdhuru. Akiyavunja masharti hayo hurejeshwa ndani. Huo ndio utaratibu wa parole, ambao Tanzania Bara inao kwa mujibu wa Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994. Afisa anayemsimamia mtu wa namna hiyo ndiye afisa uangalizi. Huko England na Wales afisa huyo huyo ndiye pia anayewasimamia watu waliohukumiwa kutumikia adhabu nje ya gereza, ndiye anayeiandikia mahakama ripoti kabla ya hukumu, na ndiye anayeiandikia Bodi ya Parole ripoti kabla ya mfungwa kuachiwa. Kada ni moja, ingawa kazi zenyewe ni nyingi.

Kazi hii ni ya zamani. Sheria ya mwaka 1907 ndiyo iliyoiweka rasmi, na iliwaagiza maafisa hao kuwashauri watu waliokosa, kuwasaidia na kuwa marafiki zao. Chama cha Napo kiliundwa mwaka 1912, na kwa muda mrefu kilikuwa jumuiya ya wanataaluma kabla ya kuwa chama cha kudai haki za kazi. Asili hiyo isisahauliwe, kwani sehemu kubwa ya malalamiko yatakayoelezwa hapa inatokana nayo. Mwanachama wa Napo alikuwa akikitazamia chama chake kimlindie mshahara, na pia kiilinde kazi yenyewe isiharibiwe.

MABADILIKO YALIVYOKUWA

Hadi mwezi wa Mei 2014 huduma ya uangalizi ilikuwa mikononi mwa mashirika ya umma 35, kila moja na eneo lake. Mwezi wa Januari 2013 Waziri wa Sheria wa wakati ule, Chris Grayling, alitangaza mpango wa kuyavunja mashirika hayo na kuigawa kazi yao sehemu mbili. Watu waliohesabiwa kuwa ni wa hatari kubwa kwa umma wangebaki chini ya idara ya Serikali. Wale wa hatari ndogo na ya wastani, ambao ndio wengi, wangekabidhiwa makampuni yatakayopatikana kwa zabuni, na sehemu ya malipo ya makampuni hayo ingetegemea matokeo, yaani kupungua kwa watu wanaorudia makosa.

Serikali ilikuwa na hoja, na haki ni kuieleza. Kabla ya hapo mtu mzima aliyefungwa kwa muda usiofika miezi 12 alikuwa akitolewa baada ya nusu ya kifungo chake na kuachwa aende zake, hana afisa wa kumuuliza wala wa kumsaidia. Alitoka na posho ya paundi 46, kiwango ambacho hakikupandishwa kwa miaka mingi hadi kilipofikishwa paundi 76 mwaka 2021. Zaidi ya nusu ya watu hao walikuwa wakirudia makosa katika mwaka mmoja tu. Sheria ya mwaka 2014 ya urekebishaji wa wahalifu ikaagiza kuwa nao wasimamiwe. Mathalani mtu aliyehukumiwa miezi 4 angekaa ndani miezi 2, kisha angekuwa nje kwa masharti miezi 2, kisha angeongezewa uangalizi wa miezi 10 ili jumla itimie mwaka mmoja tangu siku ya kutoka. Takriban watu 40,000 kwa mwaka waliongezwa hivyo katika hesabu ya kazi. Wengi wa maafisa hawakuwa na ugomvi na nia hiyo. Walichokipinga ni kuigawa huduma na kuiuza.

Tarehe 1 Juni 2014 mashirika 35 yalivunjwa. Mahali pake pakawekwa Idara ya Taifa ya Uangalizi pamoja na makampuni 21 ya maeneo, na tarehe 1 Februari 2015 makampuni hayo yakaingia mikononi mwa washindi wa zabuni kwa mikataba iliyotarajiwa kuendelea hadi mwaka 2022. Wafanyakazi nao waligawanywa, na kigezo kikubwa kilikuwa aina ya majalada ambayo kila mmoja alikuwa nayo katika mwezi wa Novemba 2013. Afisa ambaye wakati ule alikuwa akishughulika zaidi na watu wa hatari kubwa alihesabiwa kuwa wa Serikali. Mwenzake wa meza ya pili, mwenye cheti kile kile na pengine miaka mingi zaidi kazini, alihesabiwa kuwa wa kampuni. Watu waliokuwa wakinywa chai pamoja wakajikuta wana waajiri wawili, kompyuta mbili zisizoonana vizuri na, katika baadhi ya majengo, milango miwili.

Mgawanyo huo uligusa usalama moja kwa moja. Hatari ya mtu haikai pahala pamoja. Mtu wa hatari ya wastani anaweza kuanza ulevi upya, akafukuzwa nyumbani, akamtishia mkewe wa zamani, na ndani ya wiki moja akawa wa hatari kubwa. Katika utaratibu wa zamani afisa wake angeendelea naye, naye ndiye anayemjua. Katika utaratibu mpya afisa wa kampuni alitakiwa ajaze fomu za kumhamisha, asubiri Idara ikubali, kisha amkabidhi kwa mtu ambaye hajapata kumwona. Maafisa walisema tangu mwanzo kuwa mwanya wa siku hizo chache ndimo mtu anamoweza kuuawa.

CHAMA KILIFANYA NINI

Napo kiliitisha mgomo wa saa 24 kuanzia mchana wa tarehe 5 Novemba 2013, na mwengine wa muda kama huo tarehe 31 Machi hadi 1 Aprili 2014. Kilipeleka hoja zake Bungeni na kwenye magazeti. Katika mwaka 2014 kilifungua shauri Mahakama Kuu kuomba uamuzi wa Waziri upitiwe kwa sababu za usalama wa wafanyakazi na wa umma. Pamoja na vyama vyengine vyenye wanachama katika huduma hiyo, kilifikia makubaliano ya kitaifa juu ya uhamisho wa wafanyakazi, yenye kulinda masharti yao ya kazi na kuweka kiwango bora cha malipo kwa watakaoacha kazi kwa hiari.

Kwa mtazamaji wa mbali orodha hiyo si haba. Hata hivyo wanachama wengi hawakuridhika, na yapo mambo kadhaa yaliyowakera.

La mwanzo lilikuwa migomo yenyewe. Saa 24 mara mbili, kwa mwajiri aliyekwisha kupanga ratiba ya miaka, zilionekana kuwa ni ishara tu. Waliotaka hatua kali zaidi walisema kuwa kama kila afisa angekataa kuyapanga majalada katika mafungu mawili, mgawanyo usingewezekana, kwani hakuna mwengine aliyeweza kuifanya kazi hiyo. Wengine, na hawa nao walikuwa wanachama halali, waliona kuwa hata saa 24 ni nyingi mno kwa mtu mwenye dhamana ya watu wa hatari. Uongozi ulikuwa katikati ya makundi hayo mawili.

Hapa panahitaji ufafanuzi wa kisheria, kwa sababu wakosoaji wengi wa chama walipita juu yake. Katika sheria za kazi za Uingereza mgomo unalindwa pale tu unapohusu mgogoro wa wafanyakazi na mwajiri wao juu ya masharti ya kazi, mishahara, ajira na mambo ya namna hiyo. Mgomo wa kupinga sera ya Serikali kama sera haulindwi, na chama kinachouitisha kinaweza kushitakiwa na kudaiwa fidia. Aidha wakati ule kura ya mgomo ilikuwa lazima ipigwe kwa posta, na mwajiri apewe notisi ya siku 7. Kwa sababu hiyo Napo hakikuweza kuandika katika karatasi ya kura kuwa wanachama wagome ili huduma isiuzwe. Kililazimika kuandika juu ya masharti ya ajira, wingi wa kazi na athari za uhamisho. Afisa aliyekuwa akikosa usingizi kwa ajili ya usalama wa watu aliipokea karatasi hiyo akaona chama chake kinazungumza habari ya mikataba. Lawama ilikuwa ya kweli, lakini sehemu yake ilipaswa kwenda kwa waliotunga sheria.

Jambo lililoumiza zaidi lilikuwa shauri la Mahakama Kuu. Wanachama waliambiwa kuwa hilo ndilo tumaini la mwisho, na baadhi yao waliahirisha uamuzi wa kuacha kazi wakilingoja. Mwezi wa Disemba 2014 chama kililiondoa shauri hilo kabla ya kusikilizwa kwa ukamilifu, uongozi ukieleza kuwa umepata kwa Waziri ahadi kadhaa juu ya usalama wa mifumo. Katika mwezi ule ule mikataba ya makampuni ikatiwa saini. Mtu anaweza kuielewa hesabu ya uongozi: shauri likishindwa, gharama za upande wa pili zingebebwa na chama kidogo chenye wanachama elfu chache, na mfuko wake ungeweza kukauka kabla ya miaka migumu iliyokuwa ikija. Lakini hesabu hiyo haikufikishwa kwa wanachama mapema wala kwa lugha iliyo wazi, na waliisoma habari baada ya jambo kwisha. Chama kinaweza kusamehewa kwa kushindwa mahakamani. Ni vigumu zaidi kusamehewa kwa kutoka mahakamani kimya kimya.

Makubaliano ya kitaifa nayo yalizua maneno. Walioyapinga walisema kuwa chama hakiwezi kuyalaani mabadiliko mchana na kutia saini namna ya kuyatekeleza jioni. Waliyoyatetea walijibu kuwa uhamisho ungefanyika kwa vyovyote, na bila ya karatasi hiyo watu wangehamishwa wakiwa uchi. Mwaka 2015 mmoja kati ya wamiliki wapya alipotangaza kupunguza mamia ya kazi, alitoa kwa wanaoondoka malipo yaliyo chini ya yale waliyoyatarajia kwa makubaliano hayo. Kila upande uliona kuwa tukio hilo limeithibitisha hoja yake.

Kulikuwa na shida nyengine isiyovuma sana lakini yenye kula nguvu za chama kila siku. Kabla ya mgawanyo mambo makubwa ya mishahara yalizungumzwa katika meza moja ya taifa. Baadaye palikuwa na Idara moja na makampuni 21, kila moja likiwa na maafisa utumishi wake, taratibu zake na fikra zake. Mwakilishi wa tawi aliyezoea kumtetea mtu mmoja mmoja akatakiwa ajue mikataba ya wawekezaji. Ada za uanachama zilizokuwa zikikatwa moja kwa moja katika mishahara ya walio Idarani zikasitishwa kukatwa, na chama kikabidi kimwendee kila mwanachama kumwomba ajaze fomu ya benki. Wapo ambao hawakuijaza, na si kwa sababu ya kusahau tu. Mwaka 2018 walio Serikalini walipofanyiwa marekebisho ya mishahara, wenzao wa makampuni waliuliza chama chao ni cha nani.

MATOKEO YA MAGEUZI

Yaliyotabiriwa na maafisa yalitokea kwa sehemu kubwa. Makampuni yalikuwa yakilipwa zaidi kwa idadi na aina ya watu waliopelekewa, na watu hao walikuwa wachache kuliko makadirio, kwa hiyo mapato yakashuka na wafanyakazi wakapunguzwa. Wakaguzi walikuta pahala ambapo watu wengi walikuwa wakisimamiwa kwa simu tu baada ya kikao cha mwanzo. Mwezi wa Februari 2019 mmoja wa wamiliki, Working Links, aliyekuwa na makampuni 3 kati ya yale 21, aliingia katika usimamizi wa ufilisi. Mwezi wa Machi 2019 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilieleza kuwa Wizara ingelipa angalau paundi milioni 467 zaidi ya ilivyotakiwa na mikataba ya mwanzo. Ilieleza vile vile kuwa kati ya Januari 2015 na Septemba 2018 idadi ya watu waliorejeshwa gerezani kwa kuvunja masharti ilipanda kwa asilimia 47. Mkaguzi Mkuu wa Uangalizi, Dame Glenys Stacey, aliandika mwezi ule ule kuwa muundo huo una kasoro zisizorekebishika.

Idadi hiyo ya waliorejeshwa isichukuliwe kuwa ni tarakimu tu. Ndani yake wamo watu wa vifungo vifupi ambao zamani wasingekuwa na masharti ya kuvunja. Sheria iliyotungwa ili wasaidiwe iliwapa kwanza njia mpya ya kurudi ndani, kwa kukosa kuripoti au kukosa makaazi, kabla msaada wenyewe haujafika.

Serikali ilikwisha kutangaza mwaka 2018 kuwa mikataba itakatizwa mapema. Wales ilitangulia kuirudisha kazi ya usimamizi wa watu mwezi wa Disemba 2019, na mwezi wa Juni 2020 Waziri Robert Buckland akatangaza kuwa huduma yote itarudi Serikalini. Tarehe 26 Juni 2021 maafisa wa pande zote mbili waliwekwa tena katika idara moja.

Uongozi wa Napo, chini ya Katibu Mkuu Ian Lawrence aliyeshika nafasi hiyo tangu mwaka 2013, uliipokea siku hiyo kama ushindi wa kampeni ya miaka. Wanachama walipokea kwa hisia mchanganyiko. Wale walioacha kazi katika miaka 7 hiyo hawakurudi, na pengo lao lilizibwa na vijana waliotoka masomoni. Waliobaki waliuliza kama huduma imeokolewa na chama au imeokolewa na kufilisika kwa mpango wenyewe. Ukweli ni kuwa ushahidi uliowashawishi wakaguzi na Wabunge ulitoka kwa wafanyakazi, na sehemu yake ilikusanywa na kupelekwa na chama. Lakini ni kweli pia kuwa mikataba ilivunjika kwa sababu ya fedha kuliko kwa sababu ya hoja.

Jambo la mwisho linahusu Bodi ya Parole yenyewe. Tarehe 21 Julai 2022, wakati Dominic Raab akiwa Waziri wa Sheria, kanuni zilibadilishwa ili ripoti za maafisa kwa Bodi ziwe na maelezo ya mambo yalivyo tu, bila ya maoni ya afisa kama mfungwa anafaa kuachiwa au kuhamishiwa gereza la wazi. Afisa aliyemjua mfungwa kwa miaka 8 aliambiwa asiseme anachofikiri. Hili liligusa taaluma kuliko jambo lolote la mishahara, kwani kutoa maoni ndiyo kazi yenyewe. Mwezi wa Machi 2023 Mahakama Kuu iliamua kuwa kanuni hiyo ni kinyume cha sheria. Shauri hilo lilifunguliwa na wafungwa wawili.